Plastiki mchanganyiko Arusha na Moshi: joto tupu, kichocheo chunguni, au kichocheo kwenye mvuke?

Wauzaji wa mitambo ya kugeuza plastiki kuwa mafuta wana maneno yaleyale: weka plastiki yoyote, chota dizeli. Mtambo ukijazwa madumu ya mafuta ya kula yaliyooshwa, maneno hayo yanakaribia ukweli. Ukijazwa mzigo uliookotwa soko la Kilombero au Kiboriloni kama ulivyo, unapata nta, asidi na bomba lililoziba, na hakuna kichocheo (kitu kinachoharakisha kuvunjika kwa plastiki) kitakachokuokoa. Kwa hiyo tunaanzia kwenye lundo. Baada ya hapo tunalinganisha njia tatu za kupika plastiki bila hewa, yaani pirolisisi, kisha njia ya nne inayohusu chupa za maji peke yake. Nyuzijoto zote ni za Selsiasi.

Lundo lina nini

Chakula cha chungu, yaani tangi la chuma la kupikia, ni polithini (PE) na polipropilini (PP): karatasi laini za plastiki za vifungashio, madumu, ndoo, viroba vya sandarusi, vifuniko vya chupa. Plastiki hizi ni kaboni na haidrojeni tu, na zikivunjika hutoa mafuta. Polistirini (PS), yaani vikombe vya mtindi na boksi jeupe linalokuja na televisheni, huvunjika kwa joto dogo zaidi, karibu nyuzi 420, na hutoa mafuta mengi. Ila sehemu kubwa ya mafuta hayo ni stirini. Yananuka vikali, na yakikaa kwenye pipa juani huanza kuganda kama utomvu.

PET ni habari nyingine. Chupa za maji na soda zikiingia chunguni hutoa asidi ya tereftali na asidi ya benzoi, ambazo husafiri na mvuke na kuganda kuwa unga mweupe mahali pa kwanza penye ubaridi, yaani kwenye mdomo wa kondensa (kifaa cha kupoza mvuke uwe majimaji). Nailoni halisi, ya nyavu na kamba (si ile karatasi ya kufunikia inayoitwa nailoni dukani), hutoa amonia na hata sianidi ya haidrojeni, na naitrojeni yake huua kichocheo cha asidi.

Adui mkubwa ni PVC: mabomba, waya za umeme, malapa, baadhi ya lebo zinazobana chupa. Asilimia 57 ya uzito wake ni klorini. Kati ya nyuzi 220 na 300 karibu klorini yote hutoka kama gesi ya asidi ya haidrokloriki. Piga hesabu. Mzigo wa kilo 100 wenye kilo 1 tu ya PVC hutoa takriban kilo 0.58 za asidi hiyo. Hata ukiinasa vizuri kwa chokaa, ikabaki sehemu moja tu kati ya mia ya klorini ndani ya kilo 80 za mafuta, una takriban sehemu 70 kwa milioni, wakati viwanda vya petrokemikali vinavyopokea mafuta ya plastiki hutaka yasizidi takriban 10. Chuma cha chungu nacho hakisamehe: asidi hiyo yenye unyevu hula kondensa kwanza, halafu flanji (viungo vya mabomba).

Kuchambua hakuhitaji mashine. Beseni la maji ya kawaida lenye matone machache ya sabuni (bila sabuni viputo vya hewa huinua hata kisichopaswa kuelea) hutenga PE na PP juu, kwa kuwa uzito wao kwa sentimita ya ujazo ni kati ya gramu 0.90 na 0.97. PS yenye 1.05 na PET yenye 1.33 hadi 1.39 huzama. Vilivyozama vihamishie kwenye maji ya chumvi, gramu 110 kwa kila lita, ambayo hufikia karibu 1.07: PS ngumu itaelea. PET na PVC hubaki chini pamoja, na hapo maji hayakusaidii tena. Chukua waya wa shaba, uchome hadi uwe mwekundu, ugusishe kwenye plastiki, urudishe motoni. Mwali ukiwa wa kijani, kuna klorini. Fanya jaribio hili nje, upepo ukiwa mgongoni. Jihadhari pia na viti vya plastiki: ni PP, lakini vingi vimejazwa unga wa chokaa na huzama pamoja na PET.

Kuna mzigo mmoja wa ukanda huu unaodanganya macho, nao ni plastiki za mabanda ya waridi kuanzia Tengeru hadi Usa River. Ni polithini nyeupe, safi, nyingi, za aina moja, na mtu yeyote angezitamani. Lakini mabanda ya waridi huvukizwa salfa dhidi ya ubwiri unga, na karatasi zenyewe zina viambato vya kuzuia jua vyenye naitrojeni. Salfa huingia kwenye mafuta na naitrojeni hukaa juu ya kichocheo. Kwa joto tupu mzigo huo ni mzuri. Kwa kichocheo cha gharama, uoshe kwanza, na hata hivyo tarajia kichocheo kichoke mapema.

Joto tupu

Hapa hakuna kichocheo. Minyororo ya plastiki hukatika popote, na vipande vinavyotoka ni vya urefu wowote: gesi, petroli, dizeli, nta. Kwa PE kazi hufanyika kati ya nyuzi 430 na 480. Mafuta na nta kwa pamoja hufika asilimia 75 hadi 85 ya uzito, gesi 10 hadi 20, na kinachobaki ni mkaa mweusi pamoja na uchafu uliouacha ndani.

Jambo linaloshangaza wengi ni jinsi mzigo ulivyo mdogo. Karatasi laini zilizokatwakatwa bila kushindiliwa zina kilo 30 hadi 50 tu kwa mita ya ujazo. Chungu cha lita 500 hakijazwi zaidi ya theluthi mbili, kwa sababu plastiki iliyoyeyuka hutoa povu, kwa hiyo kitapokea kilo 10 hadi 17. Umechoma kuni kwa siku nzima kwa ajili ya kilo 15! Vipande vya madumu, vyenye kilo 250 hadi 350 kwa mita ya ujazo, vitakupa kilo 80 hadi 115 kwenye chungu kilekile. Karatasi laini ziyeyushwe kwanza na kukandamizwa kuwa mabonge, la sivyo usinunue chungu.

Mwendo wa mzunguko mmoja wa kupika uko hivi. Toa hewa kwa naitrojeni, mara tano ya ujazo wa chungu; kwa lita 500 hiyo ni mita za ujazo 2.5, na mtungi wa lita 50 uliojazwa bari 150 una takriban 7.5, yaani mizunguko mitatu. Panda taratibu hadi nyuzi 120 na ukae hapo mpaka maji yaishe. Maji yakibaki yatachemka chini ya plastiki iliyoyeyuka na kuirusha kwenye mabomba. Panda hadi 300 na ukae nusu saa au zaidi, mvuke ukipita kwenye tangi la maji ya chokaa, ili klorini itoke kabla ya mafuta. Chokaa iliyozimwa unahitaji kinadharia uzito sawa na asidi. Weka mara mbili, ukoroge. Ndipo upande hadi 430 na kuendelea, ukiwa umegeuza valvu kwenda kwenye kondensa.

Kondensa ndiyo inayotofautisha fundi na mbahatishaji. Bomba kutoka chunguni hadi kondensa ya kwanza lifunikwe na kubaki juu ya nyuzi 250. Kondensa ya kwanza iwe na maji ya moto, nyuzi 60 hadi 80, ili nta idondoke ikiwa bado majimaji. Maji baridi yawe ya kondensa ya pili. Wengi huweka maji baridi ya bomba mwanzoni, nta ikaganda, presha ikapanda, na gasketi iliyochoka ikaachia mvuke wa nyuzi 450 karibu na jiko la kuni. Hata yakitoka salama, mafuta ya PE yenye nta huganda kwenye joto la nyuzi 20 hadi 40, kwa hiyo Juni na Julai Arusha yatakuwa kama samli asubuhi. Pipa liwe na koili ya maji ya moto.

Kwa nishati, joto tupu linaweza kujilisha lenyewe. Kupasha na kuvunja kilo 100 za PE kunahitaji kinadharia megajuli 150 hadi 200. Jiko la kienyeji lenye ufanisi wa robo hula mara nne ya hapo, megajuli 600 hadi 800. Kilo 15 za gesi yenye megajuli 45 kwa kilo hukupa 675. Chungu kikizungushiwa sufi ya mawe ya milimita 100, gesi yake karibu inatosha, na kuni au maganda ya kahawa hubaki ya kuwashia tu. Kumbuka hesabu hii tukifika kwenye kichocheo.

Kichocheo chunguni

Unachanganya unga wa kichocheo na plastiki, asilimia 5 hadi 10 ya uzito, na kupika kama kawaida. Chembe zenye asidi hukata minyororo kwa utaratibu tofauti na joto: huipinda, huitia matawi, hufupisha. PE huanza kuvunjika kati ya nyuzi 350 na 400, na nta hupungua sana. Hakuna kifaa cha ziada, na hapo ndipo mvuto wake ulipo.

Tatizo ni kwamba kichocheo kinakaa kwenye uchafu wote. Mchanga, rangi, klorini, masalia ya chakula na mkaa wenyewe vinakifunika kwenye mzunguko wa kwanza, na mwishoni kimechanganyika na mkaa kiasi cha kutotenganishika. Isitoshe, minyororo mirefu iliyoyeyuka haipenyi kwenye vitundu vidogo vya zeolaiti, kichocheo cha madini kilichojaa vitundu. Huvunjika kwa nje tu, na nusu ya thamani uliyolipia haifanyi kazi. Kwa hiyo chunguni weka kitu cha bei ya kutupwa, yaani udongo, na usiweke zeolaiti ya kuagiza. Anayekuuzia zeolaiti ya kutia chunguni anakuuzia biashara ya kudumu ya kurudi kununua.

Kichocheo kwenye mvuke

Hapa chungu hupika kwa joto tupu, na mvuke hupita kwenye silinda ya pili yenye hita yake, nyuzi 400 hadi 500, iliyojazwa punje za kichocheo za milimita 2 hadi 4. Uchafu hubaki chunguni. Kinachogusa kichocheo ni vipande ambavyo tayari vimefupishwa. Kwa mvuke wa kilo 10 kwa saa, anza na kilo 2 hadi 5 za kichocheo. Usitie unga: presha itapanda na mvuke utatafuta njia kwenye gasketi.

Silinda hizi ziwe mbili, moja ikifanya kazi nyingine ikisafishwa, kwa maana kaboni hujijenga juu ya punje na nguvu hushuka. Utajua kwa macho: nta inarudi kwenye kondensa ya kwanza. Kusafisha ni kuchoma kaboni hiyo kwa nyuzi 500 hadi 550. Kwanza pitisha naitrojeni hadi mvuke wote wa mafuta uishe, kwa sababu hewa ikikutana na mvuke ndani ya silinda ya moto ni mlipuko. Kisha anza na hewa iliyopunguzwa kwa naitrojeni, oksijeni asilimia 1 hadi 2 tu, na uongeze kidogo kidogo ukiangalia kipimajoto cha katikati ya punje. Cha ukutani kitakudanganya. Ukiharakisha, joto hupita 700, na kwa kuwa uchomaji wenyewe hutoa mvuke wa maji, alumini hung'oka kwenye muundo wa zeolaiti. Kichocheo hicho hakirudi tena hata ukifanyeje.

Wauzaji hawasemi jambo moja kuhusu matokeo: kichocheo hakiongezi mafuta. Kinayafanya mepesi, na bei ya wepesi ni gesi. Zeolaiti aina ya HZSM-5 inaweza kupandisha gesi kutoka asilimia 15 hadi kati ya 30 na 60. Rudi kwenye hesabu ya nishati: kilo 15 za gesi kwa kila mia zilikuwa zinatosha jiko. Kilo 45 zina megajuli 2,000, na zinazozidi utazichoma angani kama huna jenereta ya gesi, boila au mteja jirani. Kwa karakana ya Njiro isiyo na matumizi ya gesi, kuhama kutoka joto tupu kwenda HZSM-5 ni kupoteza theluthi ya bidhaa ili iliyobaki iwe nzuri zaidi.

Kichocheo kipi

| Kichocheo | Kinachotoka zaidi | Mahali pake | Angalizo |
|---|---|---|---|
| HZSM-5 | gesi, benzini, tolueni, zailini | silinda ya mvuke | naitrojeni na mvuke wa maji. Cha kuagiza |
| Zeolaiti Y, au kichocheo kilichotumika cha viwanda vya mafuta ghafi | petroli na dizeli | silinda ya mvuke | hujaa kaboni haraka. Kilichotumika kina nikeli na vanadi |
| Udongo uliotiwa asidi | dizeli | chunguni | hutupwa baada ya mzunguko |
| Kaolini ya kawaida | dizeli na nta kiasi | chunguni | asidi yake hafifu |
| Chokaa | hainufaishi uvunjaji. Hunasa klorini | kabla ya kichocheo | isichanganywe na kichocheo cha asidi |

HZSM-5, ambayo kampuni ya Mobil iliipatia hataza mwaka 1972, ina vitundu vya nanomita 0.55 hivi, na hapo ndipo pete za benzini zinapofinyangwa. Mafuta yake ni kiyeyushi kizuri cha rangi lakini yana benzini, inayosababisha saratani ya damu. Bila chumba chenye upepo wa uhakika na vipumulio vyenye mkaa maalumu, usiyafungue.

Kichocheo kilichotumika kwenye viwanda vya kusafisha mafuta ghafi husifiwa sana kwenye maandiko ya kitaalamu kwa kuwa huko ni taka ya bure. Kwetu si ya bure. Hakuna kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi kinachofanya kazi Tanzania, na cha Mombasa kilisimama mwaka 2013. Utalipia meli, ukaguzi, na vibali vya kuingiza taka zenye metali.

Udongo ndio unaotustahili. Kaolini ya Pugu inaweza kutengenezwa hapa: choma kwa nyuzi 600 hadi 700 kwa saa mbili au tatu, chemsha kwenye asidi ya salfuriki ya molari 2 hadi 3 kwa nyuzi 90 kwa muda kama huo, osha hadi maji ya suuza yafike pH 5 au 6, kausha kwa 110, choma tena kwa 500. Usichome juu ya 900, hapo inageuka kuwa kitu cha kufinyangia matofali ya tanuri. Njia fupi zaidi ni udongo wa kupaushia mafuta ya kula, ambao wasafishaji wa alizeti hununua kwa mifuko. Kwa kawaida huo ni udongo uliokwisha kutiwa asidi kiwandani, na ukiwa mpya hufanya kazi chunguni bila maandalizi. Uliotumika usiuchukue ovyo: umebeba mafuta na huweza kuwaka wenyewe ukirundikwa.

Kuhusu kuchimba majivu ya kale ya volkano ya Bonde la Ufa kwa matumaini ya zeolaiti ya bure: miamba ya aina hiyo hubeba zeolaiti nyingi, na mojawapo, erionaiti, ni nyuzinyuzi zinazoleta saratani ya utando wa mapafu. Bila kipimo cha maabara cha mionzi ya eksi, usisage.

PET ina njia yake

Chupa za maji zilizo wazi zifungwe mabelo na ziuzwe. Soko lake lipo, na hakuna kemia ya karakana inayoshinda bei ya chupa safi. Kemia ina maana kwa PET isiyonunuliwa: trei, chupa nyeusi na za rangi zilizochanganyika, nguo za poliesta. Njia mbili zinashindana.

Ya kwanza ni magadi makali (sodiamu haidroksaidi) kwenye maji. Kilo 1 ya PET hula kilo 0.42 za magadi. Kisha ili kupata asidi ya tereftali unamwaga kilo 0.51 za asidi ya salfuriki. Unapata kinadharia kilo 0.86 za asidi ya tereftali na kilo 0.32 za glikoli iliyopotelea majini, pamoja na kilo 0.74 za salfeti ya sodiamu. Chumvi hiyo yote utaimwaga wapi? Mto Themi haukuomba. Kasi nayo ni ndogo: Arusha, kwenye mita 1,400, maji huchemka karibu nyuzi 95, na bila presha au kichocheo cha chumvi za amonia zenye mkia mrefu, vipande hukaa saa nyingi vikipungua kidogo kidogo.

Ya pili ni ethilini glikoli. Kilo 1 ya vipande vikavu, kilo 4 za glikoli, gramu 5 hadi 10 za asetati ya zinki, chombo chenye kondensa ya kurudisha mvuke, nyuzi 190, saa 1 hadi 3 hadi vipande vipotee. Chuja ingali moto, ongeza maji ya moto, chuja tena, kisha poza hadi nyuzi 5 usiku kucha. Fuwele nyeupe kama sindano zinazojitokeza ndizo BHET, kiungo cha kutengenezea PET upya, kinadharia kilo 1.32, nazo huyeyuka karibu nyuzi 110. Zikiyeyuka mapema sana, zina uchafu. Kwa mwinuko wa Arusha glikoli huchemka karibu 192 badala ya 197, kwa hiyo kipimajoto kikigoma hapo usilaumu hita. Mchanganyiko ukigeuka kahawia nzito, kuna PVC au gundi ya lebo. Glikoli ni tamu na inaua figo: isihifadhiwe kwenye chupa za maji, hata kwa dakika tano.

Tunachagua glikoli bila kusita, na kwa Arusha hasa kuna mlango wa ziada. Ukitumia glikoli kidogo zaidi, ya aina ya propilini, na usitoe fuwele, supu inayopatikana huunganishwa na anhidridi ya maleiki kuwa resini ya poliesta, ile inayotumika na nyuzi za kioo. Karakana zinazotengeneza bodi za magari ya safari hutumia resini ya namna hiyo. Rangi ya chupa haiwasumbui, kwa sababu juu inapigwa rangi.

Yanayolipua

Chungu kinapopoa, mvuke husinyaa na kuvuta. Kikivuta hewa kupitia gasketi, mchanganyiko wa moto uko ndani. Kikivuta maji ya tangi la chokaa, maji hugusa chuma cha nyuzi 400 na kuwa mvuke papo hapo. Weka pipa tupu kati ya kondensa na tangi la maji, liwe kubwa kuliko maji yote yanayoweza kurudi, na uendelee kulisha naitrojeni mpaka chungu kishuke chini ya 100. Kabla ya kichomea gesi weka kizuizi cha moto na kina cha maji cha milimita 100 hadi 150. Mkaa usifukuliwe ukiwa moto. Hushika moto ukiguswa na hewa, na una metali za rangi, kwa hiyo si wa bustani wala wa kupikia.

Mafuta ghafi si dizeli. Yana petroli ndani, na mara nyingi mvuke wake hushika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba, wakati kiwango cha Ulaya cha dizeli, EN 590, hutaka juu ya nyuzi 55. Kwenye jiko la utambi ni bomu. Kwenye injini, olefini zake (molekuli zisizotulia) hujenga gundi kwenye nozeli. Matumizi yake ya halali ni tanuri la matofali, boila, au kukenekwa upya na kuchukua sehemu ya nyuzi 180 hadi 350.

Vibali ni sehemu ya gharama: NEMC kwa tathmini ya mazingira chini ya Sheria ya mwaka 2004, EWURA na TBS ukitaka kuuza mafuta, Mkemia Mkuu wa Serikali kwa asidi na magadi, OSHA na Zimamoto kwa chungu.

Nani achague nini

Kikundi cha usafi chenye mzigo wa mitaani, iwe Muriet au Moshi: msinunue chungu kwanza. Nunueni mabeseni, mashine ya kukata na ya kufunga mabelo. PET, madumu na ndoo ziuzeni. Kinachobaki, karatasi laini chafu, ndicho cha joto tupu, na mteja wake ni mwenye tanuri.

Mwenye PE na PP zilizochambuliwa zaidi ya kilo 200 kwa siku, na mteja wa mafuta mepesi: udongo uliotiwa asidi chunguni. Ongeza silinda ya mvuke pale tu ambapo gesi ina kazi, kwa mfano kiwanda chenye boila inayowaka mchana kutwa.

Shamba la maua: joto tupu, ukikubali salfa, au uza karatasi kwa watengenezaji wa mabomba ya maji taka. Taasisi za utafiti kama NM-AIST (chuo cha Nelson Mandela) pale Tengeru ndizo zenye sababu ya kucheza na HZSM-5, kwa sababu zinaweza kupima kinachotoka.

Kabla ya kulipa

Mpelekee muuzaji kilo 20 za taka zako mwenyewe, zisizooshwa zaidi ya utakavyoosha kila siku. Pima mafuta, nta, maji na mkaa kwa mizani. Upungufu ni gesi. Akisema mafuta asilimia 90 na gesi 20, ameshindwa hesabu ya darasa la tatu. Dai mizunguko mitatu mfululizo kwa kichocheo kilekile, na ulinganishe nta ya kwanza na ya tatu. Chukua lita moja, iache wiki mbili kwenye chupa ya kioo dirishani: ikigeuka nyeusi na kuweka gundi chini, ndivyo itakavyokuwa kwenye tangi la mteja wako. Maji ya tangi la chokaa yachujwe, yatiwe asidi ya nitriki, kisha yadondoshewe nitrati ya fedha. Wingu zito jeupe ni klorini, na hapo rudi kwenye waya wa shaba kabla hujatia sahihi.